Injini Bado Mbichi: Namna ya Kujaribu Gari la Michezo Ambalo si Lako

Video za namna hii hazikauki kwenye simu za watu wa Dar es Salaam. Gari la michezo liko ndani ya shorumu, nailoni bado imefunika viti. Kijana anaingia, anawasha, na hapohapo anapiga resi mpaka vioo vya jengo vinatetemeka. Ikifika kijiweni ubishi unaanza. Huyu anasema injini ya watu imeshauawa kabla gari halijapata namba. Yule anauliza gari la michezo limetengenezwa kwa ajili gani kama si kukanyagwa, kubebea mkaa? Wa tatu, ambaye hakosekani, ana shemeji yake fundi pale mitaa ya Gerezani aliyemwambia kwamba injini mpya lazima ikimbizwe siku ya kwanza ili "ifunguke", la sivyo itabaki nzito maisha yake yote.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi. Tuanze na maneno, kwa sababu mara nyingi watu hawa wanabishana huku kila mmoja ana gari lake tofauti kichwani.

Jipya lipi?

Kwa mkazi wa Dar, gari jipya kwa kawaida ni lile lililoshuka bandarini juzi likitokea Japani. Lina namba E, linang'aa, linanukia dawa ya kusafishia viti, lakini limeshatembea kilomita 80,000 mikononi mwa mtu wa Osaka au Nagoya. Subaru ya aina hiyo, au Toyota 86 ya mkono wa pili, ni mpya kwetu tu. Injini yake ilishazoea zamani. Unamwaga oili, unaangalia mikanda na breki, unasoma tarehe ya kutengenezwa matairi, basi. Hakuna cha kuilea.

Hapa tunazungumzia gari la zero kilomita, ambalo mita yake inasoma kilomita chache za kutoka kiwandani, kupandishwa melini na kushushwa. Magari ya michezo ya namna hiyo ni machache jijini, maana ukishajumlisha ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, bei inakuwa imepaa. Uchache huo ndio unaoleta tatizo letu: likiingia moja, wanaotaka kulijaribu ni wengi kuliko wenye uwezo wa kulinunua.

Kuzoesha injini ni kile kipindi cha mwanzo ambacho vyuma vipya vinavyosuguana vinakaa sawa kimoja na kingine. Waendesha bodaboda wanalielewa jambo hili kuliko wenye magari. Anayekabidhiwa Boxer mpya huambiwa siku hiyohiyo asiikamue mwanzoni, asipakie mishikaki ya abiria, na arudi mapema kumwaga oili. Anatii kwa sababu jioni tajiri anasubiri hesabu yake, na pikipiki iliyokufa haileti hesabu. Injini iliyofanyiwa ovahoo nayo inaingia kundi hili hata kama gari lenyewe lina miaka 20, kwa kuwa ringi ni mpya na silinda zimechongwa upya.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo wanunuzi wengi hawaiulizii. Shorumu inaweza kuwa na gari la majaribio, lililosajiliwa na kukatiwa bima kwa kazi hiyo, ambalo mwenye duka ameshakubali kwamba mwisho wa siku ataliuza kwa bei pungufu. Na inaweza kuwa na gari la mteja, ambalo pengine limeshalipiwa na linasubiri kadi kutoka TRA. Kwa macho yanafanana. Swali la kwanza la mtu mstaarabu kabla ya kupewa ufunguo ni hilo: hili ni la kujaribia, au lina mwenyewe?

Ndani ya silinda

Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda mara maelfu kwa dakika. Imevishwa ringi, kwa kawaida tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usipite, ya chini inakwangua oili ya ziada isipande juu kuungua. Ukuta wa silinda nao hauachwi laini kama kioo. Kiwandani unachorwa mistari midogo sana inayokatana kama nyavu, ili oili ipate mahali pa kukaa. Ncha za mistari hiyo zikiwa mpya ni kali. Katika kilomita za mwanzo ringi inazila taratibu, yenyewe nayo inalika kidogo, mpaka viwili hivyo vinashikana vizuri na gesi ya mlipuko haipenyi tena kwenda chini kwenye oili.

Sasa angalia kinachoisukuma ringi ukutani. Unyumbufu wake wenyewe unachangia, lakini nguvu kubwa inatoka kwenye gesi ya mlipuko inayoingia nyuma yake na kuibana. Injini isipobeba mzigo, gesi hiyo ni dhaifu, na ringi haiumi ukuta inavyotakiwa. Mtu akilitembeza gari jipya kwa unyonge muda wote, wiki nzima ya foleni ya Mwenge kwenda Posta, huku linaunguruma bila kazi, oili inaweza kuunguzwa juu ya ukuta na kuacha utando unaong'aa unaoziba ile mistari. Matokeo yake ni gari linalokula oili. Hapo shemeji wa Gerezani ana haki yake: kulidekeza gari kupita kiasi nako ni kosa, na ule msemo wetu wa pole pole ndio mwendo haukutungwa kwa ajili ya pistoni.

Anapokosea ni pale anaporuka kutoka "lipe mzigo" hadi "likimbize". Resi za juu kwenye injini mbichi zinazalisha joto la msuguano sehemu moja moja, haraka kuliko oili inavyoweza kulibeba. Badala ya ncha kulika polepole, chuma kinachubuka, na mikwaruzo inabaki wima kwenye ukuta wa silinda. Mikwaruzo hiyo haiponi kwa dawa yoyote ya kumimina kwenye tangi, hata kama chupa yake imeandikwa hivyo.

Na yule kijana wa kwenye video amechagua njia mbaya kuliko zote. Gari limesimama, gia haijaingia, kwa hiyo injini haina mzigo na ringi hazipati ile faida ya kubanwa. Papo hapo mizunguko iko juu na oili ni baridi. Amechukua hasara zote mbili bila faida hata moja.

Vitabu vinasemaje

Ukifungua vitabu vya magari yenyewe utakuta namba zinatofautiana, lakini wazo ni lilelile. Toyota husema katika kilomita 300 za mwanzo epuka kufunga breki ghafla, na katika kilomita 1,000 za mwanzo usiende mwendo mkali sana, usikanyage mafuta ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na pia usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho wengi hulipita bila kulisoma. Subaru huweka kilomita 1,600 na mizunguko isiyozidi 4,000 kwa dakika. BMW kwa magari yake ya michezo ya familia ya M hutaka gari lirudi kwa huduma maalumu kwenye kilomita 2,000, oili ya injini na ya difu ya nyuma (zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zibadilishwe. Porsche huenda mbali zaidi, hadi kilomita 3,000, mizunguko isizidi takriban 4,000. Kilomita 3,000 ni kutoka Dar hadi Mwanza na kurudi, na bado chenji inabaki.

Corvette ya kizazi cha sasa, ile yenye injini nyuma ya viti, haimwachii dereva uamuzi wote. Kwa maili 500 za mwanzo, ambazo ni kama kilomita 800, kompyuta yake inapunguza msukumo kwenye gia za chini. Wahandisi wa Marekani walishajua kuwa mtu na gari lake jipya hawaaminiki.

Hapo ndipo panapojibiwa hoja ya kwamba magari ya kisasa hayahitaji kuzoeshwa. Ni kweli kwamba uchongaji wa vyuma leo ni wa kiwango ambacho viwanda vya zamani havikuwa nacho, na injini ya leo inavumilia mengi. Oili za sintetiki nazo ni bora. Corvette hutoka kiwandani na oili hiyo tangu 1992. Lakini kampuni ambayo ina kila sababu ya kibiashara ya kumwambia mteja "kanyaga tu, ni imara" bado inaandika kilomita 3,000. Mimi ningeisikiliza.

Na kiwandani je? Kijiweni utasikia kwamba wameshaikamua huko mpaka mwisho, kwa hiyo wewe huwezi kuiharibu. Injini nyingi siku hizi hukaguliwa zikiwa baridi: zinazungushwa na mota ya umeme bila petroli, huku vifaa vikipima msuguano na mgandamizo. Nyingine, hasa za magari ya michezo, huwashwa kwenye meza ya majaribio kwa muda mfupi. Lengo ni kukamata kasoro, na kazi hiyo haichukui nafasi ya kilomita 2,000 za barabarani. Wengine wanageukia bandarini, kwamba madereva wa melini wameshalitesa gari vya kutosha. Wanaliwasha na kulizima mara nyingi likiwa baridi, sikatai, ila mwendo wao ni wa kuingia na kutoka melini na kupanga magari kwenye yadi. Wale wanaokimbia na magari ya IT, yanayopita tu kwenda nchi jirani, kuelekea Tunduma ni habari nyingine, na mizigo yao karibu yote ni magari yaliyotumika.

Tairi, breki na yale mengine

Watu wakisema kuzoesha wanawaza injini tu. Katika jaribio la robo saa, kitu kinachoweza kukuumiza kwanza ni tairi. Tairi jipya lina uso laini uliotoka kwenye kalibu, na bado halijafikia ushikaji wake kamili. BMW hushauri tahadhari kwa takriban kilomita 300 za mwanzo. Sasa weka tairi hizo kwenye gari la nyuma-inasukuma lenye nguvu mia nne za farasi, lami ikiwa na vumbi la mchanga kama barabara za pembeni za Mbezi Beach, kisha manyunyu ya saa kumi jioni yaanguke. Mfumo wa kuzuia kuteleza upo kwa ajili ya dakika hiyo. Anayeuzima kwenye gari la mtu mwingine anastahili kunyang'anywa ufunguo palepale.

Breki mpya zinafanana na kikaango kipya cha chuma cha chapati. Mama anayejua kazi yake hakiweki kwenye moto mkali na kuanza kuchoma. Anakipaka mafuta, anakipasha, anakiacha kipoe, anarudia, mpaka kinajenga utando sawasawa kila mahali, na hapo chapati haishiki tena. Pedi za breki nazo zinahamishia utando mwembamba wa malighafi yake kwenye diski, kupitia breki nyingi za wastani zenye nafasi ya kupoa katikati. Ukifunga breki moja kali kutoka mwendo mkubwa, kisha ukasimama na mguu ukiwa umekandamiza, utando unabaki madoa madoa, na baadaye mwenye gari atahisi usukani unatetemeka kila akishika breki. Ataambiwa diski zimepinda, atauziwa mpya, kumbe chanzo ni mtu aliyekuwa anajaribu "kama zinashika".

Difu na gia boksi zina meno yanayosagana, nayo hupata joto jingi katika kilomita za mwanzo. Klachi pia. Kwa hiyo ule mfumo wa kompyuta wa kuondokea kwa kishindo, ambao ndio unaojaza video za mitandaoni, haufai kuguswa kwenye gari lililo kwenye kipindi hiki. BMW wameliandika hilo waziwazi katika vitabu vya M.

Mishale miwili

Kama kuna jambo moja ambalo mjaribu gari anapaswa kutoka nalo kwenye makala haya, ni tofauti kati ya joto la maji na joto la oili.

Muuzaji mmoja wa shorumu ya Barabara ya Nyerere ana utaratibu wake. Analiwasha gari mwenyewe, halichezei, analiacha litulie kwa muda mfupi tu, kisha anakaa yeye kwenye usukani na mteja anakaa kushoto. Siku moja mteja, kijana wa miaka thelathini hivi, alianza kulalamika kabla hawajatoka getini.

"Bro, mbona unaniendesha kama bibi harusi?"

"Bosi wangu, tazama hapa," alimjibu akigusa dashibodi kwa kidole. "Huu ni mshale wa maji, huu ni wa oili. Tukifika Tazara utaona maji yako katikati. Oili itakuwa bado inalala. Oili ikiamka nakupa gari."

Na ndivyo ilivyokuwa. Chini ya daraja la Mfugale maji yalikuwa yameshatulia mahali pake na oili ilikuwa haijafika nusu. Kijana alinyamaza, akaanza kuutazama ule mshale kama anayesubiri muamala wa simu uingie.

Kinachotokea ni hiki. Maji ya injini ni machache kwa makusudi wakati wa kuwasha: kuna mlango mdogo, ambao mafundi wetu wanauita themostati, unaoyazuia yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie karibu nyuzi 90. Kwa hiyo yanapata moto upesi. Oili imekaa kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, iko mbali na moto, na inachukua muda mrefu zaidi. Ikiwa baridi ni nzito, haifiki kwa wakati kwenye njia nyembamba, hasa kwenye turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, ambayo mhimili wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Joto la Dar linasaidia kidogo. Nyuzi 32 za mchana si baridi ya Ulaya, lakini kati ya 32 na zile 80 au 90 ambazo oili inazihitaji kuna safari. Kwenye M3 ile ya kizazi cha E46, BMW waliweka taa ndogo ndogo za rangi ya chungwa kuzunguka mshale wa mizunguko. Injini ikiwa baridi zinawaka nyingi na kukufungia eneo la juu, kisha zinazimika moja moja kadiri oili inavyopata joto. Gari lisilo na taa wala mshale wa oili linahitaji subira tu: maji yakishafika, hesabu tena muda kama ule ule.

Huko kumtanguliza muuzaji kwenye usukani kuna faida nyingine. Gari linafika mikononi mwako likiwa tayari, na wewe umeshaona linavyokaa barabarani bila kuhangaika na foleni.

Robo saa inatosha kujua nini

Hofu ya mnunuzi inaeleweka. Anatoa fedha za nyumba, anataka kujua anachokinunua. Lakini hebu tujiulize ni vitu gani vitamfanya mtu wa Dar alipende au alichukie gari la michezo baada ya miezi sita. Tuta la kwanza litamwambia mengi kuliko eneo jekundu la mshale wa mizunguko. Omba mpite mtaa wenye matuta halisi, yale ya kujengewa na wananchi wenyewe, ulipande kwa mshazari, usikilize kama mdomo wa mbele unakwangua. Uliza kama gari lina kifaa cha kuinua pua, na kama kipo, pua inapanda kwa muda gani wakati daladala iko nyuma yako inapiga honi. Kaa kwenye foleni saa nane mchana, uone kama kiyoyozi kinashinda jua, kama klachi inakuchosha goti, kama gia boksi ya otomatiki inashtuka-shtuka kwenye mwendo wa konokono. Angalia nyuma unaona nini. Ingia na utoke ukiwa umevaa nguo unazovaa kweli.

Nguvu ya gari nayo inajulikana bila kulikamua. Injini yenye turbo inatoa msukumo wake mwingi chini: gia ya tatu, mizunguko 2,500, oili ikiwa imepata moto, kandamiza mafuta nusu kwa ulaini, utahisi mgongo umeegemezwa kwenye kiti. Kwa mwendo halali hilo linaisha upesi sana, kwa kuwa ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki hazibagui gari la kujaribia na la kwenda kazini. Daraja la Tanzanite lina mandhari nzuri na lami safi, lina pia kilomita moja tu. Wanaodhani ni uwanja wa mashindano wamekosea daraja.

Nakubali kwamba kuna injini ambazo kanuni hii inazinyima haki. Injini isiyo na turbo inayofika mizunguko 9,000, kama ya Porsche 911 GT3, haikuonyeshi nafsi yake kwenye 4,000. Ni kama injini mbili tofauti. Anayetaka kuisikia kule juu ana njia moja ya heshima: aombe gari la majaribio lililokwisha kupita kipindi chake, hata kama lina rangi asiyoipenda, au apande kama abiria kwa mwenye nalo. Kule juu kwa gari jipya ni kwa yule atakayelipa na kulilea mwenyewe.

Sitaki kutia watu hofu isiyo na msingi. Resi moja haiui injini, na mteja mmoja aliyejisahau kwa sekunde tano hajamharibia mtu maisha. Shida ni kujumlisha. Gari moja linapita kwa watu kumi na tano, kila mmoja akiliwasha baridi, kila mmoja akitaka "kulisikia" kidogo, kisha linasafishwa, linavishwa nailoni nyingine na kuuzwa kama zero kwa mtu wa kumi na sita kwa bei kamili. Huyo ndiye anayedhulumiwa, na hayupo pale kujitetea. Gari lililojaribiwa sana liuzwe kama lilivyo, kwa punguzo, na mnunuzi aambiwe.

Magari mengine yenyewe yanatoa ushahidi. Kompyuta ya Porsche huhifadhi kumbukumbu za mizunguko iliyopitiliza, ikiigawa katika madaraja na kuonyesha saa ya injini tukio lilipotokea. Mwenye kifaa cha kusomea anaziona. Madaraja ya chini yanaweza kuwa ni mtu aliyegusa kikomo tu. Ya juu kabisa yana hadithi nyingine, na hapa kuna imani moja ya kurekebisha: watu wengi wanadhani kizuizi cha mizunguko kinailinda injini dhidi ya kila kosa. Kinakata mafuta ukikanyaga kupita kiasi, hilo kweli. Lakini kwenye gari la gia za mkono, ukitoka gia ya nne ukitaka ya tano ukaingiza ya tatu kwa bahati mbaya, magurudumu ndiyo yanayoikokota injini kwenda juu, na hakuna cha kukata. Vali zinaweza kukutana na pistoni. Mkono unaotetemeka kwa furaha ndio hufanya kosa hilo, na furaha haikosekani kwenye gari la kujaribia.

Kuhusu magari ya umeme, maelezo ni mafupi. Mota haina ringi wala silinda, kwa hiyo hadithi ya mistari ya ukutani haipo. Tairi na breki zipo, tena msukumo wa umeme unakuja wote kwa pamoja tangu kwenye kusimama, kwa hiyo tairi mbichi linahitaji adabu zaidi.

Kabla ya ufunguo, na baada ya kuurudisha

Uliza bima kabla ya kukaa. Bima ndogo inamlipa mtu wa nje utakayemgonga. Gari lenyewe halilipi. Bima kubwa inalipa, lakini angalia kama inamhusisha dereva wa kujaribu na nani anabeba kile kiasi cha mwanzo ambacho bima haikigusi. Uliza kama gari lina namba halali za kutembea barabarani. Acha rafiki zako watatu nyumbani. Uzito wao si kitu, makelele yao ndiyo yanayokanyaga mafuta. Msimu wa masika usikubali njia ya Jangwani hata kama muuzaji anasema maji yameshuka. Gari la michezo linavuta hewa chini kuliko unavyofikiri, na injini iliyomeza maji haina kipindi cha kuzoeshwa, ina kipindi cha kuzikwa.

Kilomita mbili za mwisho ziwe za taratibu ili turbo na breki vipoe vikiwa kwenye mwendo. Ukiegesha, zima bila kupiga resi ya kuaga. Ile ni tabia ya enzi za kabureta na haina kazi yoyote leo. Kama umekwangua pua kwenye tuta, sema palepale, kabla yule kijana wa kuosha hajaigundua na kubebeshwa yeye.

Ukilinunua, kazi ya kulea inahamia kwako, na jiografia yetu inakusaidia. Safari ya Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na kwa vibao vya 50 vya kila kijiji huwezi kushikilia mwendo mmoja hata ukitaka: unapanda hadi 80, unashuka 50, unapita lori kwenye mlima, unashuka tena, breki za wastani zisizohesabika. Ndicho hasa kitabu kinachotaka. Safari tano za kwenda na kurudi zinakukaribisha kwenye kilomita 2,000. Wakati wa kumwaga oili ya kwanza fundi anaweza kukuita uone chembe ndogo zinazometameta ndani yake kama vumbi la fedha. Hizo ndizo ncha za ile mistari na kingo za ringi, na kwa oili ya kwanza ni jambo la kawaida. Baadhi ya makampuni, Honda wakiwemo, hawataki oili ya kiwandani imwagwe kabla ya muda walioupanga, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Kwenye oili ya pili chembe hizo zinatakiwa ziwe zimepungua sana. Zikiwa bado nyingi, usimalizie hapohapo gereji ya mtaani. Rudi kwa aliyekuuzia wakati warantii iko hai.